Supu ya Mabaki ya Kuku wa Sikukuu: Maneno ya Jikoni na Wajibu wa Mfasiri

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza istilahi za pishi moja dogo, nalo ni supu itengenezwayo kwa mabaki ya kuku wa sikukuu katika chombo cha umeme kipikacho kwa saa nyingi na kwa moto mdogo. Huenda msomaji akajiuliza kama jambo la namna hii lastahili nafasi katika jarida la istilahi, ambamo tumezoea kusoma juu ya maneno ya sheria, fizikia na utawala. Jibu letu ni kwamba lastahili. Hakuna matini inayotekelezwa kwa haraka na kwa uaminifu kama maelekezo ya mapishi. Mwananchi asomapo sheria iliyofasiriwa vibaya huenda akaomba ufafanuzi; asomapo maelekezo ya mapishi yaliyofasiriwa vibaya, hupika, kisha huwapa watoto wake wale.

Tumekichagua kijiji cha Kerende kuwa kipimo chetu. Kerende imo katika Wilaya ya Tarime, Mkoa wa Mara, jirani na Nyamongo na mgodi wa dhahabu wa North Mara ulioanza uzalishaji mwaka 2002. Kwa wenyeji wengi wa huko na wa Wilaya ya jirani ya Serengeti, lugha ya nyumbani si Kiswahili. Kikurya na lugha nyingine za mkoa ndizo zisemwazo kando ya mafiga, na Kiswahili ndicho lugha ya shule, soko, zahanati na ofisi. Kwa hiyo mama wa Kerende asomaye kijitabu cha maelekezo hukisoma kwa Kiswahili alichokipata shuleni na sokoni, naye hutarajia kwamba kila neno litamaanisha jambo moja tu.

Haja ya maelekezo ya namna hiyo inaongezeka. Wakala wa Nishati Vijijini ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nyaya za umeme zimefika vijiji vingi. Mwaka 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, ambao umekusudia kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakitumia nishati hiyo. Vyombo vya kupikia vya umeme huja pamoja na vijitabu vya lugha za kigeni, na kuvifasiri ni kazi yetu. Hatusemi kwamba kila nyumba ya Kerende inacho chombo tukizungumziacho. Twasema kwamba mfasiri hana budi kuwa tayari kabla chombo hakijafika.

Sikukuu si likizo

Tuanze na jina la pishi lenyewe. Kiingereza kina neno moja linalotumika kwa siku ya kusherehekea, kama vile Krismasi au Idi, na pia kwa muda wa mapumziko ya wafanyakazi na wanafunzi. Kiswahili kimegawa mambo haya mawili: ya kwanza ni sikukuu, na ya pili ni likizo. Mfasiri asiyetulia huweza kuandika “kuku wa likizo”, na msomaji akadhani kwamba anaelezwa habari za kuku aliyeachwa nyumbani wakati wenyeji wamesafiri. Aliyekusudiwa ni kuku wa sikukuu, yaani yule aliyechinjwa kwa ajili ya wageni na jamaa.

Aidha, katika nchi za Magharibi ndege wa sikukuu mara nyingi si kuku, bali ni bata mzinga. Ndege huyu asili yake ni bara la Amerika, lakini mataifa yamempa majina kana kwamba kila moja lilimwona akitokea upande wake: Waingereza wamemwita kwa jina la Uturuki, Waturuki na Wafaransa kwa majina yanayoelekea India, na Wareno kwa jina la Peru. Waswahili hawakumtafutia nchi. Walimwingiza katika ukoo wa mabata. Kwa bata bukini, hata hivyo, lugha yetu nayo ilifanya kama wengine, maana Bukini ni jina la zamani la kisiwa cha Madagaska.

Pale matini ya kigeni inapotaja jamii nzima ya ndege hawa, yaani kuku, bata, bata mzinga na kanga wa kufugwa, istilahi ifaayo ni ndege wafugwao. Hata hivyo, katika maelekezo ya mapishi kwa msomaji wa Kerende, ni bora kuandika “kuku” na kuongeza kwamba bata au kanga waweza kutumika vilevile. Istilahi ya jumla huwafaa maafisa wa mifugo katika taarifa zao. Mpishi humtazama ndege aliye mbele yake.

Mabaki, kiporo na makombo

Hapa ndipo penye tofauti kubwa ya kwanza. Chakula kilichobaki baada ya mlo kina majina mengi katika Kiswahili, na majina hayo si mamoja.

Mabaki, au masazo, ni neno pana. Lahusu chochote kilichosalia, kiwe bado chunguni au mezani, kiwe kizuri au kibaya. Kiporo ni chakula kilichopikwa jana na kulala hadi leo. Baadhi ya wasemaji, hasa wa pwani, hukiita mwiku. Makombo ni vile vipande vilivyosalia katika sahani ya mtu baada ya yeye kula. Mwenyeji aweza kumkaribisha jirani kiporo bila aibu yoyote, lakini akimpa makombo amemdharau.

Sasa tutazame maelekezo ya supu yetu. Matini ya kigeni husema kwamba supu ipikwe kwa “mabaki ya kuku”. Ikiwa mfasiri ataandika “makombo ya kuku”, amemwambia mpishi akusanye mifupa iliyokwisha kutafunwa na wageni. Jambo hilo halikukusudiwa, nalo ni la hatari, kwa sababu mifupa iliyopita vinywani na kukaa mezani kwa muda mrefu imekwisha kupata vijidudu vingi. Akiandika “kiporo cha kuku”, amesema kweli endapo supu inapikwa kesho yake, lakini amemnyima mpishi fursa ya kuipika siku ileile, jambo ambalo ndilo salama zaidi pasipo friji. Kwa hiyo twapendekeza mabaki katika anwani, na ndani ya maelekezo yafafanuliwe waziwazi: “kifua, mapaja na mifupa ya kuku aliyepikwa, iliyobaki katika chombo cha kupakulia, wala si ile iliyobaki katika sahani za walaji.”

Ipo pia mitego ya kitenzi kulala. Chakula kilicholala ni kiporo. Maelekezo mengi ya chombo hiki husema kwamba supu ipikwe usiku kucha. Tumwazie mfasiri anayeandika “iache supu ilale hadi asubuhi”. Msomaji ataelewa vyema kabisa, lakini ataelewa kinyume: atazima moto, aache supu chunguni mpaka kunapokucha, kisha aamke na supu iliyochacha. Yafaa iandikwe: “iache iendelee kutokota usiku kucha, moto ukiwa unawaka.”

Supu na mchuzi

Neno supu limetoka katika Kiingereza, lakini katika matumizi ya Tanzania limepata maana yake lenyewe. Supu ya kuku, supu ya utumbo na supu ya makongoro ni maji yaliyopikiwa nyama na mifupa hadi yakapata ladha, yakatiwa chumvi, pengine ndimu na pilipili, yakanywewa asubuhi pamoja na chapati au ndizi. Mchuzi ni kitu kingine: huo umeungwa kwa vitunguu, nyanya, viungo au nazi, nao husindikiza wali au ugali. Rojo ni mchuzi uliokuwa mzito. Nchini Kenya wapo wengi waitao supu majimaji yoyote ya kitoweo, kwa hiyo mfasiri aandikaye kwa ajili ya nchi zote mbili ataje viungo vyake bila kutegemea jina peke yake.

Kiingereza kina maneno mawili au matatu kwa maji ya mifupa: moja kwa yale yanayochujwa ili yatumike katika mapishi mengine, jingine kwa yale yanywewayo. Wafasiri wengine wamehangaika kutafuta maneno matatu mapya. Kwa maoni yetu hakuna haja. Yale ya kwanza yaitwe supu ya mifupa, na yale yaliyokwisha kutiwa minofu na mboga yaitwe supu ya kuku. Tofauti imedhihirika, na hakuna neno lililobuniwa.

Tukumbuke ni nani anywaye supu hiyo. Katika nyumba nyingi za Tanzania supu ya kuku hupewa mzazi aliyejifungua, mgonjwa apataye nafuu, na mtoto aliyekataa chakula kigumu. Kwa hiyo kosa la maelekezo haliwaangukii wenye nguvu, bali huwafikia kwanza wale walio dhaifu.

Chemsha, tokosa, pasha moto

Vitenzi vya jikoni vya Kiswahili ni vingi, na wafasiri wengi huvipunguza vyote kuwa “pika” na “chemsha”. Tuvitenge vitatu vinavyohusu pishi letu.

Kuchemsha hueleza hali ya maji au ya chakula cha majimaji: kimepata moto hadi kimechemka. Kutokosa hueleza kinachotendwa kwa chakula: kimewekwa majini, kikapikwa humo hadi kikaiva, bila kukaangwa wala kuungwa. Ndiyo maana twasema mayai ya kutokosa na mihogo ya kutokosa, lakini hatusemi maji ya kutokosa. Maji huchemshwa, chakula hutokoswa. Kitenzi cha karibu, kutokota, husema juu ya kile kionekanacho: mapovu yanapanda na kupasuka. Kupasha moto ni kukipa joto upya chakula kilichokwisha kuiva na kupoa.

Kitenzi hiki cha mwisho ndicho chenye utata. Mtu aweza kupasha moto supu hadi ikawa vuguvugu tu, naye akawa hakusema uongo. Lakini wataalamu wa usalama wa chakula hawaridhiki na vuguvugu. Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za usalama wa chakula, linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae katika joto la kawaida la chumba kwa zaidi ya saa 2. Kwamba kihifadhiwe chini ya nyuzi 5 za Selsiasi au kiwekwe juu ya nyuzi 60. Na kwamba kipikwe hadi ndani yake pafike nyuzi 70. Idara ya Kilimo ya Marekani hutaka mabaki yapate nyuzi 74 yanapopashwa. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndipo vijidudu vinapozaana kwa haraka. Baadhi yao huacha mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemshwa, nazo huamka na kuongezeka supu inapopoa taratibu katika sufuria kubwa. Ndiyo sababu supu iliyopikwa vizuri jioni yaweza kumdhuru mnywaji kesho yake.

Mfasiri akiandika “pasha moto hadi nyuzi 74”, atakuwa amefasiri maneno yote, lakini mama wa Kerende hana kipimajoto. Kazi ya mfasiri ni kuzigeuza nyuzi hizo ziwe dalili ya kuonekana kwa macho: “chemsha upya hadi supu itokote sufuria nzima.” Dalili hii hufaa mahali pote. Kweli, katika nchi za juu maji huchemka kwa joto dogo kuliko pwani. Mahali penye mwinuko wa mita 1,500 hivi, kama ilivyo katika sehemu za milima ya Tarime, huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Lakini 95 ni nyingi kuliko 74, na supu itokotayo imekwisha kuvuka kiwango kinachotakiwa. Tofauti hiyo huathiri muda tu: mifupa na nyama ngumu huhitaji kukaa motoni zaidi, na kijitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mji wa pwani hakina budi kuongezewa muda.

Jina la chombo

Sasa tufike kwenye chombo chenyewe. Ni chungu cha udongo uliochomwa na kung'arishwa, kilichowekwa ndani ya ganda lenye nyaya za umeme pande zote, na kufunikwa kwa kifuniko cha kioo. Hupika kwa joto dogo kwa saa 4 hadi 10, wala mvuke hautoki sana, kwa hiyo maji hayapungui upesi.

Aliyekibuni ni Mmarekani Irving Naxon wa Chicago, aliyepewa hataza mwaka 1940. Inasimuliwa kwamba wazo lilitokana na habari aliyopewa na mama yake juu ya kitoweo cha Wayahudi wa Lithuania. Kitoweo hicho kilipelekwa katika tanuri la mwoka mikate kabla ya Sabato kuingia, kikaiva polepole usiku mzima kwa joto lililobaki. Mwaka 1970 kampuni ya Rival ilinunua biashara yake, na mwaka 1971 ikakitoa chombo hicho kwa jina la Crock-Pot. Sehemu ya kwanza ya jina hilo la biashara humaanisha chombo cha udongo.

Yapo majina manne yanayoweza kupendekezwa. La kwanza ni kulichukua jina la biashara. Kiswahili kimewahi kufanya hivyo: watu wengi huita dawa yoyote ya viatu kiwi, na sabuni yoyote ya unga omo. Lakini jina la biashara ni mali ya kampuni, na baraza la lugha halipaswi kuwa mtangazaji wake. La pili ni jiko la polepole. Hili lina kasoro, kwa kuwa jiko ni mahali pa moto, na hapa kinachotajwa ni chombo cha kutilia chakula. Tena msomaji aweza kudhani kwamba ni jiko bovu. La tatu ni sufuria ya umeme. Hili ni sahihi lakini ni pana mno, maana sufuria ya kupikia wali na ile ya presha nazo ni za umeme. Kuzichanganya si jambo dogo: ile ya presha huivisha kwa dakika, hii kwa saa.

La nne ndilo tulipendekezalo: chungu cha umeme cha kutokosea, na kwa ufupi kitokoseo. Kila neno lililomo ni la nyumbani. Chungu kinataja umbo na udongo wake, na pia chamkumbusha mpishi kwamba hupasuka kikitiwa maji baridi kingali moto. Kutokosa kunataja kazi yake. Muundo wa kitokoseo nao si mgeni: kutoka chochea tumepata kichocheo, na kutoka pokea tumepata kipokeo. Tunasema wazi kwamba hili ni pendekezo linalosubiri kupimwa na wasemaji, wala si istilahi iliyokwisha kusanifiwa. Hivyo ndivyo ipasavyo kuwa. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria mwaka 1967, istilahi zilizodumu ni zile zilizokubaliwa na watumiaji wake.

Moto wa juu na moto wa chini

Swichi ya chombo hiki huwa na alama tatu. Kwa lugha ya kigeni mbili za kwanza huandikwa kwa maneno ambayo mfasiri wa haraka huyageuza kuwa “chini” na “juu”. Katika jiko la Mswahili, maneno haya yana kazi nyingine. Apikaye wali wa kupalia makaa, au aokaye mkate katika sufuria, huweka moto chini ya chombo na moto juu ya kifuniko. Akisoma “juu”, atauliza: makaa yatakaaje juu ya kifuniko cha kioo? Alama hizi ziandikwe moto mdogo na moto mkali. Ya tatu, ambayo kazi yake ni kukizuia chakula kilichoiva kisipoe, iandikwe kutunza joto, na maelezo yaongeze kwamba haipiki wala haifai kupashia kiporo kilichotoka kwenye friji. Kitokoseo chenyewe, hata kwenye moto mkali, hakifai kwa kazi hiyo, kwa sababu hupata joto taratibu, na chakula hukaa muda mrefu katika nyuzi zile za hatari.

Kabla hatujaiacha sehemu hii, yatupasa kutoa onyo juu ya maharage, kwa kuwa mpishi atakayekipenda kitokoseo kwa supu atakitumia kwa maharage pia. Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili ivunjwayo kwa kuchemka kwa nguvu. Moto mdogo wa kitokoseo waweza usifike kiwango hicho, na maharage yaliyopikwa nusu huweza kudhuru kuliko yale mabichi. Kwa hiyo hayana budi kulowekwa kwa saa 5 au zaidi, maji yale yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu katika maji mapya juu ya jiko kwa dakika zisizopungua 10 (wengine hushauri 30) kabla ya kutiwa katika kitokoseo. Hapa neno “chemsha kwa nguvu” haliwezi kubadilishwa na “pika” wala “tokosa”. Ni neno lililobeba afya ya mtu.

Maelekezo yenyewe

Baada ya kuyapima maneno, yafaa sasa tuyatumie. Yafuatayo ni maelekezo ya supu, yaliyoandikwa kwa istilahi tulizozijadili.

1. Mlo ukiisha, kabla ya saa 2 kupita, chambua minofu iliyobaki katika chombo cha kupakulia na uitenge na mifupa. Ikiwa una friji, hifadhi vyote humo na uvitumie kabla ya siku 4 kwisha. Ikiwa huna friji, anza kupika supu siku hiyohiyo, na minofu itie pamoja na mifupa tangu mwanzo.

2. Tia mifupa katika sufuria pamoja na kitunguu kimoja kilichokatwa, karoti mbili, kipande cha tangawizi na chumvi kidogo. Mimina maji safi hadi yaifunike mifupa. Chemsha juu ya jiko hadi itokote.

3. Hamishia vyote, vingali moto, katika kitokoseo. Kisipungue nusu wala kisizidi theluthi mbili ya ujazo wake. Funika, weka moto mdogo, uache kwa saa 6 hadi 8. Usifunue ovyo, maana kila ufunuapo joto hupotea na muda huongezeka.

4. Chuja. Mifupa itupwe mahali ambapo watoto na mbwa hawaifikii, kwa kuwa mifupa ya kuku iliyopikwa huvunjika vipande vikali.

5. Rudisha supu jikoni, tia minofu, chemsha hadi itokote sufuria nzima, ndipo uionje chumvi. Pakua ingali moto, pamoja na ndimu na pilipili kwa wapendao.

6. Itakayobaki, igawe katika vyombo vya kina kifupi ili ipoe upesi, kisha uiweke katika friji. Pasipo friji, inywewe yote siku hiyo.

Kwa nyumba isiyo na umeme, hatua ya tatu yaweza kutendwa kwa chungu cha udongo juu ya mafiga, kwa makaa machache yaliyofunikwa jivu, mpishi akiangalia mara kwa mara kwamba supu ingali ikitokota taratibu. Mfasiri asione haya kuiandika njia hii kando ya ile ya umeme. Kitokoseo ni chungu cha mafiga kilichopewa waya, na mpishi wa Kerende anayejua kulitunza kaa lake anaijua kazi hiyo kabla ya kuusoma ukurasa wa kwanza.

Hitimisho

Tumeona kwamba katika pishi hili Kiswahili hakikupungukiwa na maneno. Neno jipya tulilohitaji lilikuwa moja tu, nalo tumelipata kwa kitenzi kilichokuwapo. Penye shida ni pale mfasiri anapoyafanya maneno tofauti kuwa sawa: makombo na mabaki, kulala na kutokota, kupasha na kuchemsha, juu na mkali. Kila mojawapo ya jozi hizo yaweza kupita mikononi mwa mhariri bila kuonekana, kwa kuwa sarufi yake haina kasoro. Kasoro huonekana sahanini.

Kwa hiyo twawashauri wafasiri wa vijitabu vya vyombo vya nyumbani, walimu wa sayansikimu, na maafisa wanaotayarisha maelezo ya afya na nishati, wafanye jambo moja kabla ya kuidhinisha matini. Wampe mpishi asiyeijua lugha ya awali, wamwombe aeleze kwa maneno yake atakayoyatenda hatua kwa hatua. Pale maelezo yake yatakapotofautiana na yaliyokusudiwa, wasimsahihishe yeye, waisahihishe tafsiri. Na wasomaji wetu wa Mara, Tarime hata Serengeti, ambao wana majina mengine ya chombo au ya vitendo hivi, tunawaomba watuletee. Huenda katika Kikurya au lugha nyingine ya mkoa likawamo neno litakalofaa kuliko kitokoseo, na likiwamo, tutalipokea kwa furaha.